Mtoto wa miaka mitatu apewe mchanga, daftari litamkuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wazazi wenzangu wa Kigoma, na wa popote pengine gazeti lako linapofika. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi katika shule za msingi za Manispaa ya Kigoma/Ujiji, na sasa nimetulia Ujiji nikilea wajukuu.

Kila unapokaribia mwezi wa kwanza, wazazi huanza kuhangaika na orodha za vifaa. Juzi sokoni Mwanga nilimkuta mama mmoja kijana akihesabu madaftari ya mistari, penseli, kichongeo na vifutio. Nilidhani ni vya mtoto wa darasa la kwanza. Kumbe ni vya huyo aliyekuwa ameshikilia kanga yake, hajatimiza hata miaka mitatu. Tulipomaliza kusalimiana nikamuuliza, "Mwanangu, huyu ataandika nini?" Akanijibu kwa upole, "Bibi, huko anakokwenda wanaandika a, e, i, o, u ukurasa mzima. Asipomaliza anakuja kumalizia nyumbani, na akikosea anachapwa vidole."

Niliumia sana. Mtoto ambaye bado hajui kufunga kifungo cha shati lake anachapwa vidole kwa sababu herufi imetoka nje ya mstari. Anachapwa vidole vile vile tunavyotaka viandike.

Nasema hivi, na nitalisema mbele ya yeyote: mtoto wa miaka miwili, mitatu, hata minne, hujifunza kuandika akiwa anacheza. Penseli na daftari vije vikute mkono umeshaiva. Anayemharakisha hamsaidii, anampa tu sababu ya kuichukia shule kabla hajaianza.

Wazazi wengi hawajaelezwa jinsi mkono wa mtoto ulivyo. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa, mifupa hiyo yote bado ni gegedu, laini kama ncha ya sikio. Inageuka mfupa mmoja mmoja, taratibu, miaka inavyokwenda. Ukimpiga picha ya eksirei mtoto wa miaka miwili, kwa kawaida utaona miwili tu, au mitatu. Ule wa mwisho kabisa huwa haujakomaa mpaka mtoto afikishe miaka tisa, kumi, au zaidi. Juu ya mkono wa namna hiyo ndipo tunapoweka penseli nyembamba na kuamuru herufi ndogo ikae katikati ya mistari miwili.

Tena nguvu ya mkono huanzia juu ikishuka chini. Mtoto humudu bega kwanza, kisha kiwiko, kisha kifundo, na vidole ndiyo mwisho. Mtazame wa mwaka mmoja na nusu ukimpa kipande cha mkaa: anakikamata kwa ngumi nzima, mkono wote unakwenda na kurudi kutoka begani. Akifika miaka miwili hadi mitatu atakishika kwa vidole vikielekea chini, kiganja kikitazama ardhi. Kushika kwa vidole vitatu, gumba na cha shahada vikibana na cha kati kikibeba, huja taratibu kuanzia miaka mitatu na nusu au minne. Hata hapo vidole vyenyewe huwa bado havichezi, kinachosogea ni mkono. Ngazi hizi hakuna mtoto anayeziruka kwa kuchapwa.

Na maumbo nayo yana zamu yake. Mtoto wa karibu miaka miwili ataweza kukuiga ukichora mstari wa kushuka. Mstari wa kulala unafuata. Duara lililofunga, huliweza kwenye miaka mitatu. Msalaba, minne. Mraba, kati ya minne na mitano. Pembetatu, yenye mistari ya mshazari, mitano na kuendelea. Sasa mzazi chukua herufi "k" uitazame vizuri. Ina mshazari miwili inayokutana. Unamdai mtoto wa miaka mitatu kitu ambacho jicho na mkono wake vitakifikia baada ya miaka miwili, kisha unaambiwa mwanao ni mzito. Si mzito. Niliwapokea darasani watoto waliolazimishwa penseli mapema, wakaja wameikamata kwa ngumi, wanakandamiza mpaka karatasi inatoboka, wakiandika mistari miwili mkono unauma. Kumfundisha upya mtoto aliyekwisha kuzoea kushika vibaya ni kazi ngumu kuliko kumwanzisha yule ambaye hajashika kabisa.

Basi afanye nini huyu mdogo? Hapa ndipo Kigoma tumejaliwa, sema hatuoni.

Tuna mchanga. Pale Kibirizi na Katonga, mtoto akikaa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mama akianika dagaa, ana ubao mpana kuliko wowote nilioandikia maisha yangu yote. Achore kwa kidole, kwa kijiti, kwa kisigino. Akikosea anafuta kwa kiganja, hakuna wa kumkaripia. Mchanga unamrudishia kidole chake hisia ya alama aliyoiweka, kwa sababu una upinzani kidogo. Karatasi nyororo haina hilo. Walio mbali na ziwa, kule Gungu au Katubuka, chekecheni mchanga kidogo mkaumwaga kwenye sinia kuukuu, mkauloanisha kidogo. Inatosha kabisa.

Tuna udongo. Udongo mwekundu wa kwetu ukikandwa vizuri mtoto anafinyanga chungu, ng'ombe, kitumbua, mtumbwi na wavuvi wake. Kukanda na kuviringisha kunajenga nyama ya kiganja na gumba, na nguvu hiyo hiyo ndiyo itakayoshika penseli saa nzima bila kuchoka. Msimnyime mtoto udongo kwa kuogopa nguo kuchafuka. Nguo zinafuliwa, tena mwacheni akamue mwenyewe soksi na kitambaa chake, maana kukamua kunafundisha mikono miwili kufanya kazi kwa pamoja, mmoja ukishika na mwingine ukizungusha. Darasani mkono mmoja utashika daftari na mwingine utaandika.

Na tuna jiko. Akina mama wenzangu, mnapotoa dagaa vichwa, muwekeni mtoto wa miaka mitatu pembeni na fungu lake dogo. Tazameni anavyokamata dagaa mmoja kwa gumba na kidole cha shahada, cha kati kikisaidia. Huo ndio mshiko wa penseli! Hajui kwamba anafanya zoezi. Anajua anamsaidia mama, na anaringa. Vivyo hivyo kupukuchua mahindi, kuchambua maharage ya rangi mbili kila rangi bakuli lake, kumenya karanga, kufinyanga tonge la ugali wa muhogo, ambao jinsi unavyonata unavitaka vidole vifanye kazi kweli. Kubana nguo kwenye kamba kwa vibanio. Kufungua na kufunga vifuniko vya chupa za maji. Kufunga vifungo vya shati la baba. Kutunga vipande vya mabua kwenye uzi. Mtoto anayefanya haya kila siku kwa furaha, nikimpokea akiwa na miaka sita, sina kazi naye kubwa.

Niweke tahadhari hapa, nisije nikalaumiwa. Mtoto chini ya miaka mitatu bado anatia kila kitu mdomoni. Visoda, kokwa za mawese, karanga, harage na kila kilicho kidogo kinaweza kumkaba. Huyo mpe vikubwa, na hata aliyezidi hapo asiachwe peke yake. Betri ndogo za mviringo za saa na za midoli ziwe mbali kabisa na watoto, kwa sababu mtoto akimeza moja inamuunguza ndani kwa saa chache.

Watoto wakubwa wanaocheza mdako, kurusha kijiwe juu na kuchota vingine shimoni kabla hakijatua, wanafundisha jicho na vidole kwenda pamoja. Mdogo bado hauwezi, lakini mwacheni akae karibu avitoe na kuvirudisha. Kwa yule anayetaka kuchora ukutani, mpe brashi kuukuu ya rangi au kitambaa na kopo la maji, achore ukuta wa nje anavyotaka. Maji yanakauka, ukuta unabaki wenu. Kuchora ukutani akiwa amesimama kunaimarisha bega na kukunja kifundo cha mkono kule kunakotakiwa wakati wa kuandika. Nilifanya hivi na wajukuu ukuta wangu wa uani, na jirani aliyekuwa akishangaa sasa naye ana kopo lake.

Lakini mkono peke yake hauandiki. Anayeandika ni mtu mwenye neno la kusema, na jambo hili ndilo ninaloliona zuri kuliko yote.

Mtaani kwetu kuna mama ana genge, anauza nyanya, mafungu ya dagaa na mawese kwa chupa. Wateja wanaokopa anawaandika kwenye daftari la madeni. Binti yake ana miaka mitatu na miezi kadhaa. Siku moja nimekaa barazani namwona amepanga vijiwe kama mafungu, ameweka boksi mbele yake, ameshika kipande cha mkaa. Mwenzake akaja "kununua." Yule binti akamkabidhi vijiwe, akainama, akachora kwenye boksi mawimbi mawimbi kutoka kushoto kwenda kulia, akafika mwisho akaweka nukta, akasema kwa sauti ya mama yake mtupu, "Nimekuandika. Utalipa Ijumaa." Kisha akashuka mstari wa pili kumwandikia mteja mwingine.

Nawaomba muone alichokifanya. Hakuna herufi hata moja pale. Lakini mtoto huyo anajua kwamba maneno yanaweza kuwekwa chini yakakaa. Anajua yanakwenda kwa mistari, yana upande wa kuanzia, na kesho yatasema kile kile yalichosema leo. Anajua maandishi yana kazi duniani: deni halisahauliki. Nimefundisha watoto waliojua kunakili alfabeti yote na hawakujua hata moja kati ya hayo. Walijaza kurasa za "a" kama mtu anayechimba shimo asiloambiwa ni la nini. Herufi zenyewe, kwa huyu binti wa genge, zitakuja upesi, kwa sababu ana pa kuziweka.

Mama yake alitaka kumwambia hayo siyo maandishi. Nikamzuia. Nikamwambia muulize, "Umeandika nini hapa?" na umsikilize mpaka amalize. Kisha mwandikie jina lake pembeni, kubwa, amwone mama akiandika. Jina lake mwenyewe ndilo neno la kwanza atakalolipenda. Atalitafuta kila mahali, na herufi yake ya kwanza ataiita "yangu." Mwacheni aite hivyo. Na akichora duara lenye miguu miwili akasema ni babu, au mistari akasema ni meli iko bandarini, msiseme haifanani. Kuchora ni kuandika kwa mtoto. Kwanza mchoro ndio unaobeba kisa, baadaye alama, mwishoni herufi.

Mpigieni hadithi usiku. Mtoto aliyezoea kusimuliwa na kusimulia, kwa Kiswahili au kwa Kiha, lugha yoyote inayozungumzwa nyumbani, anakuja shuleni ana la kuandika.

Kuna la mkono wa kushoto, na hili naliomba kwa heshima. Karibu mtu mmoja katika kila kumi amezaliwa anatumia kushoto. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu yetu na tunamfundisha mtoto. Lakini mkono anaoshikia mkaa au kijiti anapochora, mwacheni auchague mwenyewe. Watoto wengi mkono wao hautulii upande mmoja mpaka wafike karibu miaka minne au zaidi. Kumfunga mkono au kumpiga kunamchanganya tu, na mwandiko wake unachelewa.

Hapa Ujiji pia watoto wetu wengi asubuhi wako chekechea na jioni wako madrasa. Asubuhi herufi zinakwenda kulia, jioni zinakwenda kushoto. Msishtuke mkimwona mdogo ameandika herufi zimegeuka, au jina limeanzia mwisho. Ni kawaida mpaka miaka sita, hata saba, kwa watoto wa dunia nzima, wenye madrasa na wasio na madrasa. Wetu wana bahati ya kuona mapema kwamba kuna njia zaidi ya moja ya kuliweka neno chini.

Najua mzazi anavyonijibu, nimeambiwa mara nyingi: "Mwalimu, mimi nalipa ada, halafu mtoto anashinda anacheza mchanga?" Wengine wanasema darasa la kwanza wamejaa, mwalimu hawezi kumshughulikia kila mmoja, kwa hiyo bora mtoto aende anajua. Wengine wanahofia usaili wa shule za kulipia, ambako mtoto wa miaka minne anakalishwa na karatasi. Hofu zote hizi nazielewa, na ile ya msongamano ni ya kweli, nimeubeba mwenyewe msongamano huo. Ila mtoto anayestahimili darasa lililojaa ni yule mwenye mkono wenye nguvu, anayejua kusikiliza, na ambaye kuandika hakujamwonjesha fimbo. Mchezo ndio unaompa hayo. Ada yako haijapotea, ilimradi unayemlipa anajua anachokifanya kwenye huo mchanga.

Wala haya siyo mambo ya bibi mmoja wa Ujiji. Chuoni tulifundishwa habari za Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, ambaye mwaka 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, mtaa wa wafanyakazi maskini walioacha watoto wakizurura kutwa. Hakuanza na penseli. Aliwapa vitambaa vya kufunga na kufungua vifungo, vitu vya kushika kwa ncha za vidole, na herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa ili wazipapase kwa kidole. Aliandika kwamba baadhi ya watoto wa miaka minne walianza kuandika wenyewe, ghafla, kwa furaha kubwa, hata kabla hawajajua kusoma. Msasa uko kwa kila fundi seremala hapa mjini. Asiyeupata apake gundi ya unga kwenye boksi kwa umbo la herufi, anyunyize mchanga, ikauke.

Na serikali yetu haijasema kinyume. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliiweka elimu ya awali ndani ya elimumsingi ya lazima, na mtaala wa awali unataka mtoto ajifunze kwa kucheza, kwenye kona za kujifunzia. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu mimba mpaka miaka 8. Karatasi hizo za serikali ni nzuri. Ninachoomba ni zifike mpaka kwenye vyumba vya nyuma ya nyumba vilivyogeuzwa vituo vya kulelea watoto, ambako binti aliyemaliza kidato cha nne anaachiwa watoto chumba kizima, hana sinia la mchanga, hana mafunzo, ana chaki na fimbo. Simlaumu binti huyo, hakufundishwa. Maofisa ustawi wa jamii na wathibiti ubora wa shule wa Manispaa wakipita, wasitazame choo na uzio tu; waulize watoto wanashika nini mikononi kutwa. Na fimbo itoke kabisa kwenye chumba cha watoto wa umri huo.

Wenye vituo, badilisheni orodha yenu ya mwezi wa kwanza. Badala ya madaftari manne kwa mtoto wa miaka mitatu, ombeni kila mzazi alete sinia moja kuukuu, brashi moja, kopo, vibanio vya nguo kumi, maboksi, na chaki nene zile za rangi zinazoshikika kwa mkono mdogo. Ni nafuu kwa mzazi pia. Siku ya kikao msiwaonyeshe wazazi madaftari yaliyojaa. Wakalisheni waone watoto wakifinyanga, wakichora, wakisimulia walichochora, na muwaeleze kila mchezo unajenga nini.

Akina baba, nanyi mmo. Mnaoshona nyavu ufukweni, mwacheni mtoto ashike uzi, aingize na kutoa kwenye tundu. Fundi bodaboda, mpe mwanao nati kubwa na boliti aviringishe. Dakika chache jioni zinatosha.

Wazazi wa Ujiji, kuanzia Rusimbi, Kitongoni mpaka Buzebazeba, ambao wana watoto wa miaka miwili hadi minne na wangependa kuona jinsi ya kutengeneza sinia la mchanga, herufi za kupapasa na udongo wa kufinyanga, wanikute barazani kwangu Jumamosi asubuhi; majirani watawaelekeza. Silipwi kwa hilo. Njooni na watoto, na msiwavalishe nguo za kutokea.

Mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza,
Ujiji, Kigoma